MAJI WAMEYAPIMA. SAMAKI JE?



Mabwana wakubwa wa migodi na mitambo wana neno moja wanalolipenda: "Tumepima maji, maji ni salama." Wakishalisema hufunga madaftari, hupanda magari yao, wakaenda zao. Sisi tunaovua na kula samaki tunabaki tumeridhika. Leo nataka kuonyesha kuwa neno hilo laweza kuwa kweli katika chupa yao, likawa uongo katika sahani yetu.

Tutazame mto Columbia, Marekani. Mwaka 1943 serikali ya nchi ile iliwaondoa watu wa Hanford na White Bluffs, ikajenga mahali pao mitambo ya kufanya plutoniamu ya mabomu. Sehemu kubwa ya uranium ya kazi ile ya bomu ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ilichimbwa na Waafrika chini ya utawala wa Wabelgiji. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mambo haya hayatuhusu.

Tangu 1944 hata 1971, matanuri manane ya atomiki yalipoozwa kwa maji ya mto ule. Maji yaliingia upande mmoja, yakapita katikati ya tanuri, yakakaa kitambo kidogo bwawani, yakarudishwa mtoni. Yalirudi na fosforasi na zinki zenye mionzi.

Aliyechota maji akayapima aliona kiasi kidogo. Lakini kiumbe hai si ndoo. Ule utelezi wa kijani juu ya mawe una njaa ya fosforasi, na katika mto fosforasi ni haba. Basi huikamata kila chembe ipitayo, wala haubagui yenye mionzi na isiyo nayo. Vidudu hula utelezi, samaki hula vidudu, mtu hula samaki. Haba na haba hujaza kibaba! Wataalamu wa Hanford wenyewe walipompima samaki, walikuta fosforasi ile imezidi ya majini kwa maelfu ya mara.

Na nani aliyekula samaki? Wayakama, Waumatilla, Wanez Perce na watu wa Warm Springs ndio wenyeji wa mto. Mwaka 1855 walitiwa katika mikataba, wakatoa ardhi yao, wakabakiwa na haki ya kuvua. Mwaka 1994 tume yao ya uvuvi ilitoa hesabu: mtu mzima wao alikula wastani wa gramu 58.7 za samaki kwa siku. Kipimo cha serikali kilichotumika kuwekea kanuni za maji kilikuwa gramu 6.5! Maana yake kanuni ilitungwa kwa ajili ya tumbo la mtu wa mjini, akafungwa nayo mvuvi. Na karatasi za siri za Hanford, kurasa 19,000, hazikutolewa mpaka 1986.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya mabepari. Haya, twende upande wa pili. Kuanzia 1949 hadi 1956 mtambo wa Mayak, katika Urusi ya Kisovieti, ulimwaga taka za mionzi katika mto Techa. Wanavijiji wa kando ya mto, wengi wao Watatari na Wabashkiri, walikunywa maji yale, wakanywesha ng'ombe, wakavua samaki, hawana habari. Vijiji vingine vilihamishwa. Muslyumovo kikaachwa pale pale, na kuhamishwa kwa watu wake hakukuanza mpaka 2006. Fahali wawili walipigana kwa bomu, na nyasi zilizoumia ni wavuvi wa pande zote mbili.

Tena kila sumu ina nyumba yake. Fosforasi ile hupungua nusu kwa siku 14. Strontiamu ya Techa hufanana na kalisi, hivyo huingia katika mifupa, na nusu yake hubaki baada ya miaka 29. Sesiamu hufanana na potasiamu, huingia katika nyama, nayo nusu yake hubaki baada ya miaka 30. Maji baridi yana potasiamu kidogo kuliko bahari, kwa hiyo samaki wa ziwani hushika sesiamu zaidi kuliko wa baharini. Na samaki alaye wenzake hushika zaidi tena. Hayo yalionekana hata katika maziwa ya Sweden baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Namtumbo, mkoani Ruvuma, kuna uranium ya Mkuju. Mwaka 2012 mpaka wa Pori la Selous ulibadilishwa kwa ajili yake. Mwenye mradi ni kampuni iliyo chini ya Rosatom, shirika lile lile ambalo leo lina Mayak. Hatusemi kwamba Mkuju umekwisha kutiwa sumu. Hatusemi uranium isichimbwe. Tunasema kwamba uranium ikiondolewa, rediamu hubaki katika mabaki, na nusu yake hudumu miaka 1,600. Nayo hufuata njia ya kalisi, hukaa katika mifupa ya samaki na magamba ya kombe wa mtoni. Kampuni itaondoka, wajukuu wetu watabaki.

Basi tudai mambo matatu. Kwanza, samaki, kombe na tope vipimwe sasa, kabla kazi haijawa kubwa, ili baadaye asije mtu akatuambia "ndivyo ilivyokuwa tangu zamani." Pili, mpimaji asilipwe na anayepimwa, na hesabu zibandikwe kwa Kiswahili katika ofisi ya kijiji. Tatu, kipimo kiwe sahani ya mvuvi alaye kambale kila siku, si ya bwana alaye samaki mara moja kwa mwezi.

Watatuita wapinga maendeleo. Na watuite! Mtu anayeuliza kilichomo chunguni si adui wa mpishi.

Siku watakapokuja tena na chupa yao ya maji, mwonyesheni samaki. Mwambieni: "Bwana, mpime na huyu."