Udongo wa Garsen, Kompyuta na Lugha ya Wenyeji

Ni jambo lisilofichika kwamba wanafunzi wengi wa Kiswahili hujitenga na mjadala wowote unaogusa uhandisi, wakidai kuwa hesabu na fasihi haziketi mkeka mmoja. Hata hivyo, msafiri aliyepita Garsen wakati wa kiangazi akaiona ardhi nyeusi iliyojaa nyufa, kisha akarejea masika na kukuta mashamba yamezama, hatashangaa kuambiwa kwamba hapo pana swali la kisayansi ambalo ni la lugha pia.

Swali lenyewe ni hili: tuta la udongo kando ya mto Tana litastahimili mafuriko hadi lini? Mhandisi wa leo hulijibu kwa uigaji wa kompyuta. Huligawa tuta kuwa maelfu ya vipande vidogo, akakipa kila kipande uzito, ugumu na kiasi cha maji yaliyomo, kisha mashine ikakokotoa jinsi kila kipande kinavyomsukuma jirani yake. Mbinu hiyo, ambayo Ray Clough aliipa jina mwaka 1960, hutumika pia kwa madaraja, mabawa ya ndege na hata mifupa ya binadamu. Manufaa yake hayana shaka: tuta laweza kubomolewa mara mia ndani ya kompyuta bila mtu hata mmoja kupoteza nyumba.

Lakini kompyuta haiujui udongo; inajua iliyoambiwa tu. Kenya ina ushahidi wa zamani wa jambo hili. Katika miaka ya 1950, Karl Terzaghi, anayetajwa kuwa baba wa mekanika ya udongo, alishughulikia bwawa la Sasumua katika milima ya Nyandarua, linaloupa mji wa Nairobi maji. Mfinyanzi wa hapo ulikuwa na maji mengi kupita kiasi, na kwa vipimo vilivyozoeleka kwingineko ulionekana haufai. Kumbe chembe zake zilikuwa zimeshikana katika vifungu vidogo vigumu, na bwawa likasimama imara. Terzaghi aliyaeleza hayo katika makala ya mwaka 1958. Sasumua ilikuwa bahati njema, kwa kuwa udongo ulikuwa bora kuliko sifa zake. Garsen, kosa la namna hiyo laweza kuelekea upande wa pili.

Udongo mweusi wa delta ya Tana huvimba unaponyeshewa na kunywea unapokauka. Hesabu nyingi za vitu yabisi huanza kwa kudhani kwamba kitu kimeungana chote, na ufa unapotokea dhana hiyo huvunjika. Kukisia ufa utaanzia wapi na utaelekea wapi ni miongoni mwa maswali yanayowasumbua watafiti hadi leo. Zaidi ya hayo, mto hutandaza mchanga hapa na mfinyanzi pale, hata sampuli moja isiweze kuisemea ya hatua chache mbele. Tena tuta halianguki wakati maji yamejaa tu. Maji ya mto yakishuka kwa haraka, yale yaliyonywewa na udongo hubaki ndani, na ukingo uliokosa mhimili wa maji huporomoka baada ya watu kudhani hatari imepita.

Mradi wa umwagiliaji wa mpunga wa TARDA katika delta hiyo uliharibiwa na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998. Haitakuwa haki kusema kwamba kompyuta ingeuokoa. Lakini mafuriko yamerudi 2018, 2023 na 2024, na kila yanapokupwa huzungumzwa habari ya matuta mapya.

Sasa, nani anayejua mahali ambapo maji hupenya chini ya ukingo kabla hayajaonekana juu? Ni mkulima Mpokomo ambaye shamba lake lipo hapo, na mfugaji Muorma apitishaye ng'ombe hapo kila mwaka. Maarifa yao ni data, tena ile hasa inayokosekana. Ripoti za utafiti, aghalabu, huandikwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mwenyeji huulizwa kama anautaka mradi. Haulizwi udongo wake una tabia gani.

Wapo watakaosema kuwa istilahi ni kuwaongezea wahandisi mzigo. Hoja hiyo ni nyepesi. Mwanafonolojia akisikia neno mkazo hufikiria silabi ya pili kutoka mwisho. Mhandisi hufikiria kani iliyo ndani ya kitu. Mkulima huenda asifikirie lolote. Neno kanieneo, litumikalo Tanzania, angalau hubeba maana yake waziwazi, kani juu ya eneo. Kipokomo nacho ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la lugha za Kisabaki, na kwa jamii iliyolima kingoni mwa mto vizazi vingi, majina yake ya udongo, nyufa na kingo yanastahili kusakwa.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Idara ya Kiswahili na ya uhandisi katika chuo kimoja zingeweza kuwatuma wanafunzi wawili Garsen na Idsowe mwishoni mwa kiangazi, mmoja na mifuko ya sampuli, mwingine na daftari, kabla mvua hazijaziba nyufa.