Chemsha Tu?

Nabishana na wale wanaosema, “Chemsha tu.” Nyumbani Kariakoo nilikuwa nikibadili maji ya tangi la samaki kila wiki ili kupunguza naitreti itokanayo na kinyesi chao. Kipimo hakikushuka. Nikapima kisima cha uani nilikochota: kumbe ndicho chanzo, hatua chache tu kutoka shimo la choo! Nikahamia maji ya bomba. Mimea ya tangini ikanyonya iliyobaki. Lakini kichanga cha mpangaji mwenzangu kingali kinakorogewa maziwa ya kopo kwa maji yale. Kuchemsha huua vijidudu. Naitreti haiondoki, bali hukolea. Ikizidi miligramu 50 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, damu ya mtoto huweza kushindwa kubeba oksijeni. Mwenye nyumba ananicheka: mwalimu mzima, anacheza na samaki!