Kibos katika somo la historia

Mwanafunzi yeyote wa historia nchini Kenya atakueleza bila kusita kwamba reli iliyotoka Mombasa ilifika ufukoni mwa Ziwa Victoria mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Mwulize habari za Kibos, kituo kilicho kilomita chache kabla ya mji huo, naye atanyamaza. Simlaumu, kwani sisi walimu wake tuliyapita maneno hayo kama treni ya haraka ipitavyo vituo vidogo.

Reli ilipojengwa, nchi hiyo ilihesabiwa kuwa ya Uganda, hadi mpaka uliposogezwa mwaka 1902. Wajaluo wa Kano walikuwapo kabla ya kipenga cha kwanza. Wahindi wakapewa mashamba Kibos mwanzoni mwa karne, miaka mingi kabla ya kiwanda cha sukari cha Miwani kuanzishwa mwaka 1922. (Wageni hudhani jina hilo ni la vioo vya macho, kumbe ni miwa tu.) Kisha Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la Mwingereza, nao wakafanya maskani yao hapo.

Treni za abiria zilipokoma kufika Kisumu, vituo vya njia hiyo vilikaa kimya kwa miaka mingi. Ukarabati ulianza mwaka 2020. Februari 2021 nyumba za Wanubi wa Kibos zilibomolewa kwa hoja kwamba ardhi ni ya reli, na maelfu ya watu wakakosa pa kulala. Desemba mwaka huohuo treni ikarejea Kisumu.

Siipingi treni, naitaka. Lakini nani alimkaribisha nani pale, lini, na kwa idhini ya nani? Maswali hayo ni ya historia kabla ya kuwa ya mahakama, na yalihitaji kuandikwa wazee wangali hai, si siku tingatinga lilipowasha taa.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu: likizo ijayo, kila shule iliyo kando ya reli ichukue kituo chake, iwe Muhoroni, Kibigori, Maseno au Yala. Wanafunzi wawaendee wapakizi wa zamani, wauza ndizi na wajane wa wafanyakazi wa reli. Nakala moja ibaki maktabani mwa shule, na ya pili ipelekwe Makumbusho ya Kisumu. Kibos ianze.