Kabla Uniulize Namba ya Jamaa wa Tembe

Kila wiki lazima mtu aniingilie inboksi na swali moja. "Sista, bado uko na namba ya yule jamaa wa tembe za kulala?" Nilikosea mwaka jana nikasema kwenye klipu kwamba nimepata dawa ya usingizi na maisha yamenyooka. Klipu niliifuta. Lakini intaneti haisahau, na watu wa Kisii ndio hawasahau kabisa. Basi leo naandika jibu moja refu, halafu mkiuliza tena nitawatumia hii tu.

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu linaanzia Kebirigo, kule Nyamira, saa nane usiku, nikiwa miguu mitupu kati ya mashamba ya majani chai, na sijui niko huko.

Acha nirudi nyuma kidogo. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikatika, mimi nikakatika nayo, na kwa miezi minne sikuwaambia watu wa nyumbani. Mathe akipiga simu namwambia mitihani iko karibu. Nilikuwa nimekodi kachumba Mwembe, pale Kisii mjini, na usiku ndio nilikuwa nahariri video juu bando ya usiku ni ya bei nafuu. Usingizi ulipoanza kukataa sikushtuka. Nilijiambia huo ni uchapakazi. Kahawa saa nne usiku, kile kinywaji cha kopo saa saba, na alfajiri nikisikia muadhini na makondakta wa mat wakiita Keroka, Keroka, mimi naangalia dari. Nikilala naota niko ndani ya chumba cha mtihani na baba ndiye msimamizi.

Baada ya wiki kama sita hivi nilikuwa nalia juu ya vitu vidogo. Sufuria ikiungua nalia. Rafiki akanipa namba. Jamaa alikuja na nduthi, akanipa tembe kumi. Hakuna boksi, hakuna karatasi ya maelezo, na jina kwenye ile foili lilikuwa limekatwa nusu na makasi. Nikauliza, hii inaitwaje? Akasema, "Inaitwa lala." Nikacheka. Nikalipa.

Na wacha niseme ukweli: ilifanya kazi. Huwa sipendi wale watu wa kuhubiri ati dawa za usingizi ni sumu. Usiku wa kwanza nililala saa saba mfululizo na nikaamka nikiona rangi. Mtu ambaye hajalala miezi miwili ukimwambia "jaribu maziwa ya moto" unamtukana. Kukosa usingizi ni ugonjwa. Madaktari wana hata kipimo chake: ukikosa usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, na mchana hujiwezi, hiyo ni hali sugu na ina matibabu, na wakati mwingine tembe ni sehemu ya hayo matibabu.

Sasa Kebirigo. Nilienda kwa Magokoro, yaani nyanya yangu mzaa baba, kulikuwa na sherehe ya binamu. Nikanywa bia mbili. Saa nne nikameza tembe yangu kwa siri, lakini badala ya kulala nikabaki kitandani nikijibu meseji. Hapo ndipo kumbukumbu yangu inaishia.

Yanayofuata niliambiwa. Nilifungua mlango kwa ufunguo, na ule mlango wa Magokoro una kufuli mbili. Nikatoka na tisheti nyeupe ndefu, bila viatu, nikashuka njia ya majani chai mpaka kwa boma la jirani, nikasimama kwa geti nikiongea peke yangu. Mbwa wakalipuka. Mama wa pale akachungulia dirishani akaona kitu cheupe kimesimama, akapiga nduru.

Kama wewe ni wa Gusii sihitaji kukueleza nduru ya aina hiyo ni ya nini. Kwa wengine: huku kwetu mtu anayeonekana usiku kwa boma la wenyewe, hajibu akiitwa, anaweza kuitwa omorogi, mchawi, kabla hajapata nafasi ya kusema jina lake. Oktoba 2021, kule Marani, kaunti ya Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa na umati wakidaiwa kuwa wachawi. Hiyo si hadithi ya zamani. Mimi nilikuwa nimeshamaliza shule ya msingi kitambo.

Vijana walikuja na tochi na rungu. Mmoja wao alikuwa mtu wa nduthi aliyenibeba kutoka stejini mchana wake. Ndiye alisema, "Ngojeni, huyu ni mjukuu wa kina fulani, nimembeba leo." Nimefikiria hiyo sentensi mara nyingi sana. Je, ningekuja na mat nikatembea? Je, ningekuwa Magokoro mwenyewe, miaka sabini na kitu, ndiye amemeza?

Asubuhi niliamka miguu ina matope, na Magokoro ameketi kando ya kitanda na uso sijawahi kuuona. Akaniuliza kitu kimoja tu kwa Kigusii, polepole: mwanangu, umekunywa nini? Hakuuliza nani ameniroga. Hapo nikasema yote. Tembe, chuo, karo, yote.

Wiki hiyo nikaenda hospitali ya umma mjini. Nilibeba ile foili. Daktari akaigeuza kwenye mwanga, akasoma nusu ya jina, akajua. Zolpidemu, miligramu 10. Akaniambia vitu ambavyo yule jamaa wa nduthi hangeweza kunieleza hata angetaka.

Kwamba kuna watu ambao dawa hii inalaza nusu ya ubongo na kuacha nusu ikitembea. Wanapika, wanapiga simu, wanaendesha gari, na asubuhi hawana habari. Aprili 2019 FDA, wale wanaosimamia dawa kule Marekani, waliweka onyo lao kali zaidi kwenye zolpidemu na ndugu zake wawili kwa sababu hiyo, maana kuna watu waliumia na wengine kufa. Inaweza kutokea tembe ya kwanza kabisa, hata ya kipimo kidogo, na pombe inaongeza hatari. Na ikishakutokea mara moja, hiyo dawa usiiguse tena maishani. Mimi na zolpidemu tumeachana hivyo.

Kitu kingine: Januari 2013 FDA hao hao walisema kipimo cha kuanzia cha wanawake kipunguzwe kutoka miligramu 10 hadi 5, juu mwili wa mwanamke unachelewa kuiondoa. Asubuhi bado iko kwenye damu. Fikiria umeketi nyuma ya nduthi kwenye mteremko wa Daraja Mbili, mvua inanyesha, na wewe umelala nusu. Au dereva ndiye amemeza.

Halafu maswali. Aliniuliza maswali kama dakika kumi na tano. Unakoroma? Kuna mtu amewahi kukuambia unaacha kupumua ukilala? (Kama ndio, tembe za kulala zinaweza kukumaliza kimyakimya.) Una mimba? Unakunywa? Unatumia dawa gani nyingine, za maumivu, za kifafa, za mafua? Umewahi kufikiria kujiua? Hilo la mwisho aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anauliza kama nina mzio. Nilinyamaza kidogo, na hapo nikaelewa kwa nini hii dawa haifai kukaa na mtu kumi kumi bila mtu mwingine kujua. Kama hapo ndipo uko sasa hivi, acha kusoma, piga 1199, ni laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, au amsha mtu aliye karibu nawe.

Kuhusu kuchanganya, wengi mnamjua yule Joker wa Batman, Heath Ledger. Alikufa New York Januari 2008, umri wa miaka 28. Uchunguzi ulisema ilikuwa ajali: dawa za maumivu, za wasiwasi na za usingizi zilikutana mwilini. Zote ni aina za dawa ambazo daktari huandika. Mwili hauulizi zimetoka wapi, unahesabu tu. Na mkishangaa nguvu yake, kumbukeni "mchele", ule wa klabu, unaowekwa kwa kinywaji cha mtu ili aamke bila simu wala pesa. Nyingi ya hizo ni dawa za kutuliza na kulaza, za familia ile ile ya diazepamu. Mchele tunauogopa, halafu tunauziana binamu yake hosteli.

Sasa nije kwa wale mnameza tayari, juu najua mko wengi. Kuna dada aliniandikia ametumia diazepamu kila usiku zaidi ya mwaka, ananunua kwa kemisti ambapo wanamjua. Tafadhali usiitupe chooni leo ati umesoma maneno yangu. Mwili ukishazoea hizo, kuzikata ghafla kunaweza kukuletea degedege. Inapunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki au miezi, daktari akihesabu. Nenda ukiwa na pakiti. Hutakamatwa. Mwambie ukweli wa idadi, usipunguze ukidhani atakusifu.

Na Piriton si dawa ya kukosa usingizi, wasee. Ni ya mzio. Inaleta usingizi kama jambo la kando, kesho yake unazunguka kama mtu wa matanga, na baada ya siku chache hata huo usingizi unapungua.

Mimi nilitibiwaje? Hapa mtakasirika kidogo. Sehemu kubwa haikuwa tembe. Tangu 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kinasema mtu mzima mwenye hali sugu aanze na tiba ya mazungumzo na tabia, kisha dawa ndiyo ifuate kama haikutosha, na iwe ya muda mfupi. Kwa lugha ya Mwembe ilikuwa hivi: kuamka saa kumi na mbili kila siku, hata Jumapili, hata kama nimelala saa kumi. Kitanda ni cha kulala tu, kuhariri nikahamishia kwa kiti. Nikikaa kama dakika ishirini bila usingizi natoka kitandani, naketi gizani, narudi nikisinzia. Kahawa mwisho saa sita mchana. Wiki ya kwanza ilikuwa jehanamu, siwadanganyi. Ya tatu nikalala.

Katikati hapo aliniandikia dawa ya aina nyingine kabisa, kipimo kidogo, siku kumi. Tofauti na zile za jamaa ilikuwa moja kubwa: ilikuwa na tarehe ya mwisho, na tarehe ya kurudi imeandikwa kwa kalamu. Nilimeza nikiwa tayari kitandani, simu iko mbali, na nina saa nane mbele yangu kabla ya alamu. Bia sikugusa. Na aliyekuwa analala chumba kimoja nami alijua jina la dawa, kipimo, na kwamba nikisimama usiku anishike mkono anirudishe.

Hilo la mwisho halikuandikwa kwa pakiti lakini kwangu ndilo nalishikilia zaidi. Huku kwetu mtoto asipolala ama amerogwa ama anavuta vitu, kwa hivyo tunameza kwa siri. Siri ndiyo karibu iniue pale getini. Kama Magokoro angejua nimemeza, ufunguo haungekuwa mlangoni.

Najua mtasema daktari ni pesa na tembe ya mtaani ni mia mia. Kweli. Lakini hujalazimika kuanzia hospitali kubwa. Zahanati na vituo vya afya vya serikali vina watu wa kukusikiliza, na wakiona ni zaidi yao wanakupa barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa Kisii au ile ya kaunti Nyamira. Kwa sheria ya Kenya tembe hizi haziuzwi bila maandishi ya daktari, na kemisti anayekuuzia bila kuuliza swali hata moja hakufanyii hisani, hata kama anakuita "mrembo wangu".

Siku hizi nalala saa sita, mara nyingine saba. Si kila siku. Kebirigo bado naenda. Ikifika jioni Magokoro anafunga zile kufuli mbili, anachomoa ufunguo, anaufunga kwenye ncha ya leso yake, analala nao. Sijameza kitu kwa miezi kadhaa na yeye anajua. Sijamwambia aurudishe.