Kupasua moyo: nani atahesabu?

Kila mara mtoto anapopelekwa India kupasuliwa moyo, watu wanauliza: sisi hapa Congo tutaanza lini? Swali ni la haki. Mimi nina lingine: tukianza, nani atahesabu waliokufa?

Ku Bristol, Uingereza, mashini zilikuwako. Lakini watoto wachanga waliopasuliwa moyo kila mwaka walikuwa wachache, na kati ya 1991 na 1995 wasiofika mwaka mmoja walikufa 30 mpaka 35 zaidi ya ilivyotazamiwa. Munganga wa usingizi, Stephen Bolsin, ndiye alikuwa anahesabu. Wakubwa hawakumusikiliza, akahamia Australia.

Uswidi, mwaka 1993, kazi hiyo ya watoto ilibakizwa miji miwili tu, Lund na Göteborg, mikono ya waganga isisahau.

Kwetu nchi ni kubwa, barabara munazijua. Hata hivyo kila gavana asitake kituo chake. Kimoja kwanza, chenye damu, umeme na wauguzi wa kutosha usiku (mtoto hafi kwenye meza tu, anakufa pia saa tisa ya usiku, muuguzi akiwa peke yake). Waanze na kasoro nyepesi, zile ngumu wazitume kwa wenzao. Na daftari ya hesabu, wazazi waifungue kabla ya kutia sahihi.