Kazi ya Shule Ifanywayo Nyumbani

Babati ni mji ulio katika njia kuu itokayo Dodoma kwenda Arusha, chini ya mlima Kwaraa na karibu na ziwa lenye viboko. Tangu mwaka 2002 ndio makao makuu ya mkoa wa Manyara. Katika mji huo jua huchwa upesi, na mwaka mzima giza huingia karibu na saa moja ya usiku. Hapana jioni ndefu kama zile za Uingereza, ambako mwezi wa Juni mtoto aweza kusoma nje ya nyumba hata saa tatu ya usiku bila taa. Mtoto wa Babati atokaye shule alasiri ana saa mbili au tatu tu za mwanga, na saa hizo zina wenyewe. Kuna maji ya kuteka, kuni za kuokota, mbuzi wa kurudisha zizini na mdogo wake wa kubeba. Na wakati wa mavuno kuna mahindi ya kupukuchua na mbaazi za kupura. Juu ya hayo yote mwalimu naye amempa hesabu za kufanya nyumbani. Je, hesabu hizo zina faida, au ni kumwongezea mzigo punda aliyekwisha kulemewa?

Wako wasemao kwamba hazina faida. Wasema mtoto amekaa darasani tangu asubuhi na akili yake imechoka, na kwamba kazi za nyumbani kwao ni shule nazo. Neno hili si la kupuuzwa. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, katika maandishi yake yaitwayo Elimu ya Kujitegemea, aliilaumu elimu iliyowatenga watoto na maisha ya wazee wao, hata wakadhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Mtoto ajuaye kukama ng'ombe na kumtambua mbuzi mgonjwa kabla hajalala chini hakuipoteza jioni yake. Wala hoja hii si ya Tanzania peke yake. Huko California, katika Marekani, sheria ya mwaka 1901 iliwakataza walimu wasiwape kazi ya nyumbani watoto wasiotimiza miaka 15. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1917. Katika nchi ya China, serikali iliamuru mwaka 2021 kwamba watoto wa darasa la kwanza na la pili wasipewe kazi ya kuandika nyumbani, na wale wa darasa la tatu mpaka la sita kazi yao isizidi dakika 60. Tena mtaalamu mmoja wa Marekani, Harris Cooper, aliukusanya uchunguzi mwingi juu ya jambo hili akautangaza mwaka 2006. Aliona kwamba kazi ya nyumbani huwafaa zaidi wanafunzi wa sekondari, na kwamba kwa watoto wadogo faida yake katika mitihani ni ndogo.

Ijapokuwa hoja hizo zina nguvu, wenye kuzitoa wamesahau jambo moja, nalo ni kusahau kwenyewe.

Mjerumani mmoja, jina lake Hermann Ebbinghaus, alitaka kujua jinsi mtu asahauvyo. Hakupata mwanafunzi mwenye saburi ya kutosha, au labda hakumtafuta. Alijifanya mwanafunzi yeye mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yo yote, akazipanga mistari mistari, akazisoma mara nyingi mpaka akazijua kwa moyo. Kisha akangoja, na baada ya muda akajaribu kujifunza tena mistari ile ile, akihesabu ni kazi kiasi gani iliyopungua. Mwaka 1885 alitoa kitabu juu ya mambo aliyoyaona. Saa moja tu baada ya kujifunza, zaidi ya nusu ya faida ya kazi yake ilikuwa imepotea. Lakini baada ya hapo kusahau kulikwenda polepole. Tena aliona jambo la pili, na hili ndilo liwahusulo wanafunzi. Marudio 38 aliyoyagawanya katika siku 3 yalimfaa sawasawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa siku moja. Maana yake, arudiaye kidogo leo, na kidogo kesho, na kidogo kesho kutwa, hupata kwa jasho dogo kile ambacho mwenziwe hukipata kwa jasho kubwa katika usiku mmoja kabla ya mtihani.

Basi hiyo ndiyo haki ya kazi ya nyumbani kuwapo. Mtoto aliyefundishwa asubuhi kujumlisha sehemu, kisha jioni akafanya hesabu tatu bila kuutazama mfano wa ubaoni, ameilazimisha akili yake kuirudia njia iliyoanza kufutika. Wala hahitaji hesabu ishirini. Ishirini humchosha bure, na mtoto aliyechoka hutafuta njia ya mkato.

Na njia hiyo yajulikana katika kila shule. Iko kazi ya nyumbani isiyofanywa nyumbani. Hufanywa asubuhi chini ya mti, kabla ya kengele kulia. Mwanafunzi mmoja amefanya hesabu zake, na daftari yake imezungukwa na vichwa kumi, na kalamu kumi zaenda mbio. Wanakili wadhani wamemdanganya mwalimu, na kweli wamemdanganya: aona daftari kumi na moja zenye majibu sawa, adhani darasa limeelewa, asonga mbele kwa somo jingine. Hakuna aliyemwambia kwamba kumi hawajui. Jambo hilo hukaa limefichwa mwezi baada ya mwezi, mpaka siku ya mtihani wa darasa la saba, ambapo kila mtoto huketi peke yake mbele ya karatasi yake. Jibu la makosa lililoandikwa na mtoto mwenyewe lina thamani kuliko jibu sahihi la kunakili, kwa kuwa lile la kwanza lamwonyesha mwalimu mahali pa kushika.

Lakini mwalimu naye ana wajibu wake, na pengine ndio mzito zaidi. Mtoto aulizwa jumla ya nusu na theluthi, aandika mbili juu ya tano, kwa kuwa amejumlisha namba za juu pamoja na namba za chini. Ajabu ni kwamba ametia theluthi juu ya nusu, akapata pungufu ya nusu! Kama daftari yake haisahihishwi, atalifanya kosa lile lile mara tano nyumbani, na kosa lililozoezwa mara tano huota mizizi. Hapo ingalikuwa heri asingepewa kazi kabisa. Hata hivyo kusahihisha kwataka muda. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, watoto waliingia shuleni kwa wingi sana, na madarasa mengi yakajaa. Darasa likiwa na watoto 80, na kila daftari ikichukua dakika 2, mwalimu atahitaji dakika 160, yaani saa mbili na dakika arobaini, kwa somo moja tu. Mwalimu mwenye busara hutoa hesabu tatu, huzisahihisha zote, na kulirudia ubaoni kosa lililowapata wengi.

Tena kuna habari ya mwanga. Nyumba nyingine za Babati zina umeme, nyingine zina taa za nguvu za jua, na nyingine zina kibatari kitoacho moshi mwingi kuliko mwanga. Si haki kumpiga mtoto wa nyumba ya kibatari kwa kosa la kutokuwa na taa. Kazi ya dakika ishirini yaweza kumalizika kabla ya jua kuchwa, ikiwa wazazi watakubali kumpa mtoto dakika hizo ishirini kabla ya kumtuma mtoni.

Wazazi wengine husema, "Sisi hatukusoma, tutamsaidia nini?" Wanaweza sana. Katika nyumba nyingi za pande hizo lugha ya jioni si Kiswahili, bali ni Kigorowa, au Kiiraqw, au Kirangi. Mtoto na asome kwa sauti ukurasa mmoja wa kitabu chake cha Kiswahili, kisha amweleze bibi yake kwa lugha ya nyumbani. Asiyeelewa alichosoma hawezi kukieleza kwa maneno mengine, atakwama palepale. Na bibi, ijapokuwa hajui hata herufi moja, atamwuliza, "Na yule mtu, kwa nini alifanya hivyo?" Mtoto itambidi arudi ukurasani kutazama.