Abiria Asiyeweza Kulalamika

Majuma mawili yaliyopita nilisimama kwa saa mbili nzima mbele ya kibanda cha fundi wa kuchomelea vyuma huko Kabiro, Kawangware, nikitazama kazi ambayo wapita njia wengi waliichekea. Fundi huyo alikuwa akiirekebisha kinga ya upepo, kile ambacho wengi wetu hukiita kioo cha mbele, ya kigari kilichoungwa ubavuni mwa pikipiki. Abiria wa kigari hicho si binadamu. Ni mbwa. Nakiri kwamba nami nilianza kwa kucheka pamoja na wenzangu, lakini kabla sijaondoka nilikuwa nikijuta kwamba sikuja na darasa langu zima.

Mwenye pikipiki ni jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye kwa heshima sitamtaja jina. Anafuga mbwa wa kienyeji aitwaye Simba. Mwaka jana Simba aligongwa na gari, mguu ukavunjika, ikawa hapana budi apelekwe mara kwa mara kwa madaktari wa mifugo kule Kabete. Tatizo likawa ni usafiri. Makanga wa matatu akimwona mbwa huufunga mlango hata kabla ya kusalimiwa. Teksi ni ghali kwa mtu anayeishi kwa pensheni. Waendeshaji wa boda boda hukubali, ila kwa sharti moja: mbwa atiwe ndani ya gunia, kichwa pekee kibaki nje, kisha afungwe juu ya kiti kwa mipira ya kufungia mizigo. Mzee alilikataa sharti hilo. Alinunua pikipiki kuukuu, akamwomba fundi amtengenezee kigari cha pembeni kwa vyuma vya mraba, mabati na gurudumu la pikipiki nyingine iliyokwisha kufa.

Kigari cha kwanza kilipendeza macho. Fundi alikipachika kinga ya upepo iliyotolewa katika pikipiki kubwa, akaipiga msasa, akaikaza kwa skrubu. Safari ya kwanza ikapita salama, na ya pili vilevile. Baada ya safari ya tatu, jicho la kushoto la Simba lilikuwa jekundu, likitoa machozi bila kukoma. Madaktari walikuta mchubuko juu ya ule utando angavu ulio mbele ya jicho. Mzee alikuwa amempeleka mbwa wake akatibiwe mguu, akamrudisha nyumbani na ugonjwa wa jicho.

Kosa lilikuwa wapi? Kinga ile iliundwa kwa ajili ya mtu mzima aketiye wima, kifua kikitazama mbele. Mbwa haketi hivyo. Huinama, huinuka, hugeuka, na daima hutanguliza pua. Upepo uliorukia juu ya kinga uliteremka papo hapo alipokuwa na macho, ukibeba vumbi na changarawe za Barabara ya Naivasha. Isitoshe, mbwa hawezi kumgusa dereva begani na kumwambia, "Baba, punguza mwendo, naumia." Huvumilia tu, nasi tukiuona uvumilivu wake hudhani kwamba amefurahi.

Basi nilichokishuhudia siku ile ni kinga ya pili ikizaliwa. Kwanza, fundi alimketisha Simba ndani ya kigari, pikipiki ikiwa imesimama. Kwa uzi akapima kutoka sakafuni hadi machoni, kisha hadi ncha za masikio. Akapima mbwa akiwa ameketi, akapima tena akiwa amelala. Pili, aliiondoa ile plastiki ya zamani, ambayo ilikwisha kufanya nyufa kwenye matundu ya skrubu, akachukua kipande cha polikaboneti. Alinieleza kwamba akriliki ni nzuri kwa mabango, ila ikipigwa na jiwe huvunjika vipande vikali, ilhali polikaboneti hupinda na kustahimili. Hata hiyo ina kasoro zake: huchubuka upesi, na mtu akiisafisha kwa petroli huharibika ikapoteza uangavu wake.

Kisha likaja jambo lililonivutia zaidi. Alifunga nyuzi fupi za sufu kwenye kingo za ile kinga na pale ambapo kichwa cha mbwa hukaa. Mzee akaendesha pikipiki bila abiria, na mwanagenzi wa fundi akafuata kwa pikipiki nyingine, akizitazama nyuzi. Za juu zililala zikielekea nyuma, kama ilivyotarajiwa. Za ndani, kumbe, zilipeperuka zikielekea mbele! Upepo ukipita juu ya ukingo hujikunja nyuma ya kinga, ukarudi na vumbi lake, kama maji ya mto yanavyozunguka nyuma ya jiwe. Dawa yake haikuwa kuiongeza kinga urefu tu. Fundi aliiacha mwanya wa vidole viwili upande wa chini, hewa kidogo ipenye na kuijaza ile nafasi tupu. Akailaza kinga kuelekea nyuma. Akaongeza mbawa ndogo kila upande. Akairudia safari ya nyuzi mara nne, mpaka nyuzi za ndani zikatulia.

Hakuishia hapo. Kingo zote alizivika bomba la mpira alilolipasua kwa urefu, ili mbwa akirushwa na shimo la barabara asikatwe shingo. Nyuma ya kigari alipaacha wazi, kwani mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Kumfungia ndani ya sanduku la plastiki katika jua la Januari ni kumwoka. Tena mkanda wa kumzuia asiruke haufungwi kwenye ukosi wa shingoni, bali kwenye hatamu ya kifuani, usije ukamnyonga.

Nilimwuliza fundi alijifunzia wapi elimu hii. Akacheka, akanijibu, "Mwalimu, mimi niliharibu kwanza."

Jibu hilo sijaacha kulitafakari. Fundi hakuzificha nyufa za kazi yake ya mwanzo, wala hakumlaumu mbwa kwa kutoketi kama binadamu. Kinga ya kwanza aliitengeneza kwa kumfikiria mwenye kulipa. Ya pili aliitengeneza kwa kumpima mwenye kusafiri. Tofauti ya hayo mawili ndiyo sababu ya makala haya.

Najua lipo pingamizi, nalo ni zito. Nililisikia palepale kibandani kwa mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni: "Sisi tunanyeshewa na mvua juu ya boda boda, na mbwa anajengewa dari!" Sikuwa na haki ya kumdharau, kwa kuwa alisema kweli. Hata hivyo, namwomba yeye na wenye fikira kama zake wazingatie mambo mawili.

La kwanza ni uhai wa watoto wetu. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza 1912, katika mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, bado kinaua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takriban watu 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huo, wengi wao Afrika na Asia. Kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Na kwamba watu wapatao 40 katika kila 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wasiotimiza miaka 15. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ipo tangu siku za Louis Pasteur, 1885, na wataalamu hutwambia kwamba wakichanjwa mbwa 70 kati ya 100, mnyororo wa maambukizi hukatika. Kenya ilijiwekea mpango 2014 wa kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030. Sasa jiulize, msomaji: mbwa wa Kabiro atafikaje kwenye chanjo, ikiwa njia pekee ya kumfikisha ni gunia? Wengi hubaki nyumbani. Anayemrahisishia mbwa safari anamkinga pia mtoto wa yule mama.

La pili ni sheria na utu. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inakataza kumsafirisha mnyama kwa namna inayomtesa pasipo sababu. Huruma nayo si unga wa debe, kwamba ukimpimia mmoja mwingine atakosa. Fundi aliyejifunza kumkinga mbwa na upepo ndiye huyo huyo atakayeweza kesho kumkinga mama na mvua.

Narudi sasa kwenu, walimu wenzangu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, wazazi walichanga fedha kwa harambee wakajenga karakana, kwa kuwa tuliahidiwa kwamba mtoto atatoka shuleni akijua kutumia mikono yake. Karakana nyingi ziligeuka mabohari ya madawati mabovu, na masomo ya ufundi yakapunguzwa. Leo tuna Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019, nao unatoa ahadi inayofanana na ile. Nahofia kwamba tutaipoteza tena, tukimlazimisha mzazi anunue gundi na karatasi za rangi huku fundi mwenye elimu hai yuko hatua mia mbili kutoka lango la shule.

Mwalimu wa fizikia, hapa pana somo lako: mwendo ukiongezeka maradufu, kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, nguvu ya upepo juu ya kinga huongezeka mara nne. Wape wanafunzi nyuzi za sufu na kipande cha kadibodi, wapepee, wajionee hewa ikijikunja. Mwalimu wa hisabati, wapimishe pembe. Mwalimu wa Kiswahili, nenda na daftari ukusanye maneno ya fundi kabla hayajapotea: tindo, koleo, jiliwa, msasa, na mengine ambayo hayamo katika vitabu vyetu. Na shule imlipe fundi chochote kwa saa zake, kwani naye ni mwalimu.

Wanafunzi, kwenu nina onyo na ombi. Onyo ni kwamba pikipiki yenye kigari si mchezo. Kinapokuwa kushoto, ukiongeza mwendo pikipiki huvutwa kushoto. Ukifunga breki huvutwa kulia. Na kigari chepesi huweza kuinuka unapokata kona ya upande wake. Kazi hiyo ni ya mafundi, na chombo hakistahili kuingia barabarani kabla ya kukaguliwa na wenye mamlaka. Ombi langu ni hili: kabla ya kumtengenezea yeyote kitu chochote, mketishe kwanza mahali pake umpime.

Nasi walimu tujihoji. Mwanafunzi naye ni abiria ambaye aghalabu haulizwi. Tunampa somo lililokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine, akitokwa na machozi tunasema ni mvivu, akinyamaza tunasema ameelewa. Ni mara ngapi nimemaliza kipindi changu nikijipongeza, bila kutazama nyuzi zilikuwa zikipeperukia wapi?

Jumamosi iliyopita nilimwona Simba akipita Barabara ya Naivasha, ameketi nyuma ya kinga yake mpya, masikio yametulia. Jicho limepona, ila limebaki na doa jeupe ambalo madaktari wanasema huenda lisitoke. Mzee alinipungia mkono. Fundi, aliyekuwa kibandani pake, aliinua uso akalitazama doa lile mpaka pikipiki ikapotea, kisha akainama akaendelea na kazi. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Ni kweli, kwa sharti kwamba aliyejikwaa akubali kulitazama jiwe.